Mama Anauliza: Kura Yangu Imekwenda Wapi?

Siku kadhaa sasa nimekuwa nikiahirisha kuandika jambo hili. Kila nikikaa kuandika najiambia kwamba habari za mifumo ya uchaguzi ni za wanasheria na maprofesa, na kwamba vijana wenzangu mtasoma mistari miwili kisha mkimbilie habari za Simba na Yanga. Lakini juzi Mama kanikumbusha deni. Ni deni la miaka kumi sasa, nimeona nilipunguze.

Deni lenyewe ni swali. Mama aliniuliza mwaka 2015, siku chache baada ya matokeo ya ubunge ya jimbo letu hapa Dar kutangazwa. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi niliye kwenye mafunzo kwa vitendo katika chumba cha habari, najiona mjuaji wa siasa za nchi hii. Mgombea wa Mama alikuwa ameshindwa. Akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeulizia chenji yake dukani: "Wewe si unasomea uandishi? Hebu niambie, kura yangu imekwenda wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, Mama, mgombea wako kashindwa, demokrasia ndivyo ilivyo.

"Mwanangu, najua kashindwa. Sikuuliza nani kashinda. Nimeuliza kura yangu imekwenda wapi."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kupiga maji kwenye ndoo nikaoge, nikidhani swali litapita. Halikupita.

Ili mwelewe kwa nini lilinikaa, inabidi niwape historia ya Mama na sanduku la kura. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi alishiriki Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 1995. Mimi nilikuwa mgongoni kwake, sijatimiza hata miaka miwili. Wakazi wa Dar mtakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu: siku ile vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kwa wakati, vingine havikufunguliwa kabisa, na mwisho Tume ikafuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya Dar es Salaam. Ukarudiwa tarehe 19 Novemba, huku wapinzani wengi wakiususia. Kwa hiyo kura ya kwanza ya Mama ina jibu rahisi: ilifutwa. Akapanga foleni upya.

Akapanga tena 2000, 2005, 2010 na 2015. Chama alichokipigia kwenye ubunge kilibadilika, mara hiki mara kile, kwa sababu Mama humwangalia mtu kwanza. Ila bahati haikubadilika. Kila mara mgombea wake wa ubunge alishindwa. Miaka 20 anapiga kura, na hakuna hata siku moja ambayo mtu aliyemchagua yeye aliingia bungeni kupitia jimbo lake. Kadi zake zote amezihifadhi kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Tafadhali msije mkadhani naandika kuwatetea wapinzani. Nilipoanza kazi rasmi nilikuwa na rafiki mpiga picha, mzaliwa wa Wete, Pemba. Baba yake ni CCM wa kadi na wa moyo. Kuanzia 1995 hadi 2015 mzee yule alipiga kura kila uchaguzi, na kila uchaguzi mgombea wake wa ubunge alianguka mbele ya CUF. Nilipomsimulia rafiki yangu swali la Mama, alicheka mpaka akaweka kamera chini. Akasema, "Hata mzee wangu huuliza hivyo hivyo." Mama wa Ilala anayewapigia wapinzani na mzee wa Wete anayeipigia CCM, hawajaonana hata siku moja, lakini wana swali moja. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tatizo si chama wala mgombea. Ni namna tunavyohesabu.

Hebu tufanye hesabu ndogo, msiogope. Chukua jimbo lenye wapiga kura 100 na wagombea watatu. Wa kwanza anapata 40, wa pili 35, wa tatu 25. Anatangazwa wa kwanza, watu wanashangilia, pikipiki zinapiga honi. Lakini waliomkataa ni 60. Hao 60 kura zao zimekwenda wapi kwa upande wa jimbo? Hazikwenda popote. Zimeandikwa kwenye fomu, fomu imebandikwa ukutani, basi. Sisi tumezoea kusema wengi wape. Sawa, wengi wape. Ila kwenye mfano huu aliyepewa hata si wengi. Ni kundi kubwa kuliko kila kundi lingine moja moja, na ndiyo sheria yetu ya kumpata mbunge: anayeongoza, hata kwa kura moja, anachukua vyote.

Sasa rudisha hesabu hiyo kwenye nchi nzima. Mwaka 1995 CCM ilipata takriban asilimia 59 ya kura za ubunge. Kati ya majimbo 232 ikashinda 186, yaani asilimia 80. Hilo mtasema ni kawaida, mkubwa hupendelewa. Sasa angalieni waliofuata. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura, ikaambulia majimbo 16. CUF ilipata asilimia 5 tu ya kura, ikapata majimbo 24. Soma tena. Chama chenye kura mara nne ya mwenzake kilipata viti vichache kuliko mwenzake!

Hapo sizungumzii wizi. Nazungumzia namba zilizotangazwa. Sababu ni jiografia. Watu wa CUF walikuwa wamejazana sehemu moja, hasa Pemba, ambako majimbo ni mengi na wapiga kura wa kila jimbo ni wachache. Watu wa NCCR walitawanyika nchi nzima, wako kila mahali na hawatoshi popote. Mfumo wetu hauulizi mko wangapi. Unauliza mnaishi wapi.

Niliwahi kupeleka makala ya hesabu hizi kwa mhariri wangu wa wakati ule. Akaisoma ukurasa mmoja, akanirudishia. "Kijana, hesabu hazina picha. Niletee nani kamtukana nani." Sikumlaumu sana, gazeti lazima liuzwe. Ila ndivyo tulivyofika hapa: kila baada ya miaka mitano tunaandika nani kamtukana nani, na namna ya kuhesabu inabaki palepale.

Kusema haki, mfumo huu una watetezi wenye hoja. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ukimwamkia shikamoo anakujibu kwa swali la siasa, aliniambia hivi: "Mimi nataka mbunge ninayemjua jina, nikiona mtaro umeziba nijue mlango wa kubisha. Hao wenu wa uwiano watakuwa wabunge wa nani?" Hoja nzito hiyo, wala sitaki kuipuuza. Mfumo wa jimbo ni rahisi kuhesabu, mama muuza mchicha na profesa wanauelewa sawasawa, na unampa mwananchi mtu mmoja wa kumlaumu. Ukiuondoa wote bila kuweka kitu, utakuwa umemnyang'anya mzee yule mlango wa kubisha.

Basi nikaenda kusoma. Na kitu cha kwanza nilichokikuta kilinishangaza, maana kilikuwa humu humu ndani ya Katiba yetu.

Mnakumbuka viti maalum? Wengi wetu tunavichukulia kama zawadi kwa wanawake, na vijiweni wabunge wa viti maalum huonekana wabunge nusu. Lakini je, umewahi kujiuliza vinagawanywaje? Mwanzoni mwa vyama vingi viligawanywa kwa kufuata viti ambavyo chama kimeshinda, ndiyo maana 1995 CUF yenye asilimia 5 ilipata vinne na NCCR yenye asilimia 22 ikapata vitatu. Kuanzia uchaguzi wa 2005 kanuni ikabadilika. Wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge, na viti hivyo vigawanywe kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, mradi chama kifikishe walau asilimia 5.

Kura za nchi nzima! Maana yake zote, pamoja na za walioshindwa. Kumbe tayari tunao uwakilishi wa uwiano. Upo kimya, umevaa kitenge, na hakuna aliyetuambia.

Siku hiyo nilirudi nyumbani mbio kama mtu aliyeokota pochi. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikakaa kwenye mkeka nikamwambia nimepata jibu. Mwaka 2015, nikamweleza, Chadema ilishinda majimbo 35, lakini ikapewa pia viti maalum 37 kwa sababu ya jumla ya kura zake, na kura yako wewe ya Ilala imo humo. Haikupotea! Imechangia kumpeleka mwanamke mmoja Dodoma.

Mama akaacha kuchambua. "Alhamdulillahi. Anaitwa nani?"

"Sijui, Mama. Ni wengi, haijulikani yupi ni wa kura yako."

"Nani kamchagua?"

"Chama. Kinaandaa orodha ya majina, kinapeleka Tume."

"Nilipewa orodha hiyo siku ya kupiga kura?"

"Hapana."

"Nikimtaka, nitampata wapi? Nikimchoka, nitamtoa vipi?"

Nikanyamaza. Mama akarudi kwenye ungo wake. "Basi hiyo si kura yangu, mwanangu. Hiyo wamepewa chama."

Nimesoma vitabu na ripoti kadhaa tangu siku ile, na bado sijaona ukosoaji wa mfumo wetu uliofupishwa vizuri kuliko huo. Kura ya aliyeshindwa ama inakufa jimboni, ama inafufukia ofisini kwa chama. Hairudi kwa mwenyewe.

Kabla hamjaniuliza nifanyeje, twendeni kwanza Lesotho. Ni nchi ndogo, imezungukwa yote na Afrika Kusini, lakini kwenye jambo hili ni mwalimu wetu, kwa mazuri na kwa mabaya.

Lesotho nao walikuwa na mfumo kama wetu, urithi wa Mwingereza. Mwaka 1993 chama cha BCP kilipata takriban robo tatu ya kura na kikachukua viti vyote 65. Vyote. Chama cha BNP, chenye zaidi ya asilimia 22, hakikupata hata kimoja. Mei 1998 hali ikawa hiyo hiyo: LCD ilipata karibu asilimia 61 ya kura na viti 79 kati ya 80. BNP safari hii ikapata kiti kimoja. Watu wakasema wameibiwa. Wakakusanyika kwenye lango la ikulu ya mfalme kwa wiki kadhaa, hali ikachafuka, na tarehe 22 Septemba 1998 majeshi ya Afrika Kusini yakaingia, ya Botswana yakafuata. Sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru iliteketea kwa moto na watu wakafa.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilikuta kasoro nyingi, lakini haikuweza kuthibitisha kwamba ushindi uliibwa. Hapo ndipo penye funzo. Inawezekana kabisa kura zikahesabiwa sawasawa na bado matokeo yakafanana na wizi. Ukimwambia mtu mmoja kati ya wanne kwamba yeye bungeni ana kiti kimoja kati ya 80, usishangae asipokuamini.

Basi wakakaa. Wakaunda chombo cha mpito chenye wajumbe wawili wawili kutoka kila chama, wakabishana miaka, wakaja na mfumo mchanganyiko. Majimbo 80 yakabaki, kwa hiyo mlango wa kubisha upo. Wakaongeza viti 40 vya orodha ya vyama. Lakini, na hapa naomba muwe makini, viti vile 40 havigawanywi kama viti maalum vyetu. Vinafidia. Kwanza inaangaliwa chama kilistahili viti vingapi kwa kura zake za nchi nzima, halafu vinatolewa vile kilivyokwisha kushinda majimboni, ndipo kinapewa pengo lililobaki. Mwaka 2002 LCD ilikomba tena karibu majimbo yote, kwa hiyo katika vile 40 haikupewa hata kimoja. BNP, ambayo haikushinda jimbo hata moja, ikapata 21. Bunge likawa na sura ya nchi, na Maseru haikuungua.

Linganisheni na sisi. Mwaka 2015 CCM ilipata takriban asilimia 55 ya kura, ikashinda zaidi ya asilimia 70 ya majimbo, halafu kwenye viti maalum ikapewa tena fungu kwa kufuata kura zile zile, 66 kati ya 113. Yaani uwiano wetu hausawazishi mzani. Unaongeza uzito kidogo pande zote mbili na mzani unabaki umelalia ulikolalia.

Je, Lesotho ni peponi? Hata kidogo. Mwaka 2007 wajanja waligundua mwanya. Kila mpiga kura alikuwa na karatasi mbili, moja ya jimbo na moja ya orodha. LCD ikasimamisha watu majimboni tu, ikawaambia wafuasi wake kura ya orodha wakipe chama kidogo rafiki, NIP. LCD ikapata majimbo 61, NIP ikapata viti 21 vya orodha, na fidia yote ikageuzwa mchezo. Wapinzani wakubwa nao walifanya ndoa ya aina hiyo hiyo. Ugomvi uliofuata ulichukua miaka, mpaka sheria ikabadilishwa ikawa karatasi moja. Mwaka 2012 serikali ikabadilika kwa kura na wakaunda muungano, jambo la kupongezwa. Lakini miungano ikavunjika vunjika, wakarudi kwenye uchaguzi 2015 na tena 2017. Chaguzi tatu ndani ya miaka mitano! Anayewaambia mfumo wa uwiano hauna gharama anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Pamoja na hayo, naomba muone tofauti. Ugomvi wa Lesotho baada ya 2002 ulihusu nani aungane na nani. Ugomvi wa 1998 ulihusu kama watu wamo nchini au hawamo.

Tukirudi nyumbani, shida ya pili ni ile ya Mama: nani anaandika orodha? Tulishaona inaweza kufika wapi. Mwaka 2020 Chadema ilishinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, lakini kwa jumla ya kura zake ikastahili viti maalum 19. Wanawake 19 wakaapishwa Novemba mwaka ule. Chama chao kikasema hakikuwateua, kikawavua uanachama, wao wakaenda mahakamani, na wakaendelea kukaa bungeni hadi Bunge lile lilipomaliza muda wake. Sitaki kuingia kwenye ukweli wa kila upande. Nataka mjiulize hili tu: katika kesi yote ile, mpiga kura ambaye kura yake ndiyo iliyozaa viti vile aliulizwa lini? Chama kilizungumza, Bunge likazungumza, mawakili wakazungumza. Mama hakuitwa kutoa ushahidi.

Na hofu ya kumwachia chama kila kitu si ya Mama peke yake. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi maisha yake yote ya siasa. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, Bunge likaziba njia kwa kubadili Katiba. Mahakama Kuu ikampa haki tena 2006, Mahakama ya Rufani ikabatilisha 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikasema kumlazimisha mgombea awe na chama ni kuvunja haki zake. Mtikila alifariki Oktoba 2015, na hadi uchaguzi wa 2025 mgombea binafsi alikuwa bado haruhusiwi.

Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, ile ya 2013, iligusa mambo haya moja kwa moja: mgombea binafsi aruhusiwe, rais apatikane kwa zaidi ya nusu ya kura (sharti tulilokuwa nalo na ambalo Bunge liliondoa mwaka 2000), matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani, wananchi waweze kumwondoa mbunge, na kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanaume, wote wa kupigiwa kura. Tunajua ilivyoishia. Bunge la Katiba likagawanyika 2014, wapinzani wakatoka, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika.

Kwa hiyo mimi, kwa akili yangu ndogo, naona hivi. Majimbo yabaki, kwa heshima ya mzee wa mtaani kwetu. Viti maalum visifutwe wala visiongezwe, ila viwe viti vya kufidia, kama Lesotho, na wanawake wasipungue palepale. Majina ya wagombea wa viti hivyo yawekwe kwenye karatasi ya kura kwa kila mkoa, mpiga kura aweke alama kwenye jina, si kwenye chama peke yake. Wafini wanafanya hivyo kwa wabunge wao wote: kila mgombea ana namba, unaandika namba ya mtu unayemtaka, kura inakwenda kwa chama chake na wakati huo huo inampandisha yeye kwenye orodha. Na majirani zetu Kenya tangu 2013 wanamchagua mwakilishi wa wanawake wa kila kaunti kwa kura za wananchi wote, kaunti 47, kila mmoja ana jina na ana wapiga kura wake. Hakuna anayehitaji kuuliza kapelekwa na nani.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Tarehe 29 Oktoba 2025, miaka 30 kamili tangu siku nilipokuwa mgongoni, Mama hakwenda kupiga kura. Chadema ilikuwa imezuiwa tangu Aprili baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi, mwenyekiti wake akiwa rumande kwa kesi ya uhaini. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo naye alienguliwa. Siku ile intaneti ilikatika, jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje hapa Dar, na watu walikufa mitaani. Mshindi akatangazwa kwa asilimia 97 na ushei. Nilimkuta Mama amekaa barazani na ungo wake. Nikamuuliza kwa nini hakwenda, maana hata 1995 alirudia foleni mara mbili. Akasema, "Zamani nilikuwa sijui kura yangu inakwenda wapi. Safari hii nilijua kabla sijatoka nyumbani."

Nimeliandika hilo kwa sababu wapo watakaoniambia, ndugu, unazungumzia uwiano na fidia wakati nyumba inaungua? Wana hoja. Hesabu nzuri hugawa kilichomo sandukuni, haiwezi kumrudisha aliyezuiwa kuingia kwenye karatasi. Refa kwanza, kanuni baadaye. Nakubali. Lakini nakataa kusubiri refa apatikane ndipo tuanze kufikiria kanuni. Walesotho walianza kubishana juu ya hesabu baada ya mji kuungua. Sisi Tume ya Jaji Nyalali, mwaka 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee na 20 wanataka vingi, na ikapendekeza vingi, kwa sababu hao 20 nao ni watu. Tulishawahi kuwa na viongozi walioweza kuhesabu hivyo. Kwa nini tusahau?

Juzi nilimsomea Mama pendekezo langu, lile la majina kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ambayo sikuweza kujibu, kuhusu nani atalipia karatasi ndefu namna hiyo na kuhusu wasiojua kusoma. Halafu akainuka kwenda kuzima jiko. Nikamuuliza, je, likija hilo, utarudi kwenye foleni?

"Kadi ipo kwenye bahasha," akasema.

Hakusema zaidi. Nami sikuuliza zaidi. Wewe msomaji, kura yako ya mwisho ilikwenda wapi? Usiniambie nani alishinda.